Sufuri Mbili Baada ya Nukta

Msambweni, alasiri, siku moja kabla ya safari yako

Mwanangu Bakari,

Salamu zangu utazipata kwa mdomo ukirudi kutoka Tiwi kumuaga shangazi yako, kwa hiyo hapa sizirudii. Mambo ya blanketi, viatu na kutokula ovyo njiani nimemwachia mama yako, ambaye asubuhi nzima hakusema jingine. Barua hii utaikuta ndani ya daftari lako la kemia, chini kabisa ya sanduku. Ningependa usiifungue mpaka uvuke Likoni. Nakujua, utaifungua kabla. Basi angalau usiifungue mbele yangu.

Nimeiweka katika daftari hilo kwa sababu ndilo lililoanzisha. Unakumbuka siku ulipolileta barazani umenuna. Mwalimu wenu aliwatuma mpime chumvi kwa mizani yoyote ya dukani, kisha mgeuze wakia ziwe gramu. Ulikwenda dukani hapa sokoni, mizani ikakupa wakia 5.0, ukazidisha kwa ile nambari ya kitabuni, ukaandika gramu 141.7476. Hesabu haikuwa na kosa, maana niliirudia mwenyewe nikapata hivyo hivyo. Lakini mwalimu alizikata tarakimu zako kwa wino mwekundu, akaandika 140, na chini yake maneno haya: “Mizani yako haijui yote hayo.”

Ulisema mwalimu ana choyo cha maksi, nami nikacheka. Kisha ukanieleza, kwa ule uvumilivu wa kijana anayemfundisha mzee, kwamba tarakimu ni ushahidi. Mtu akiandika galoni 5 na mwenzake akaandika galoni 5.00, hawakusema jambo moja. Wa pili amedai kwamba alipima mpaka sehemu ya mia ya galoni, na zile sufuri mbili ndizo kiapo chake.

Nikakuuliza, “Na kama hakupima?”

Ukasema, “Basi amesema uongo, baba.” Ukachukua mpira wako ukaenda zako. Mimi nilibaki barazani mpaka kahawa ikapoa.

Bakari, mimi niliziandika sufuri mbili za namna hiyo. Zilimtoa mtu kazini na kumharibia jina kwa dada yake wa tumbo moja. Mtu huyo yu hai, anaitwa Ruwa, na mpaka juzi sikuwa nimemwambia yeye wala mtu mwingine yeyote. Nakuandikia wewe kwa sababu kesho unakwenda kujifunza kazi ya kupima, na kwa sababu katika watu wote wewe ndiwe unayeniheshimu zaidi. Ningalipenda heshima hiyo ibaki kama ilivyo. Nimeona haitawezekana.

Nianze na Mama Mkubwa, aliyenilea, maana kosa langu lilianzia katika wema wake. Alikuwa akiuza mchele hapa Msambweni kwa pishi na kibaba. Wewe umekulia katika ratili na wakia, huenda hukujali, lakini sisi tulijua kwamba kibaba kina sura mbili. Kibaba cha mfuto hufutwa juu kwa kiganja, kikawa sawasawa na ukingo. Kibaba cha tele huachwa na kilima chake. Mama Mkubwa hakumpimia mtu mfuto maishani mwake. Alikuwa akisema kwamba mfuto ni wa mtu aliyekuja kukutukana. Mkono wangu ulijifunza kumimina mpaka kilima kisimame na punje zianze kuteremka pembeni, ndipo nikome. Chuoni kwenye Kurani nako tuliogopeshwa sana adhabu ya wanaopunja vipimo. Hakuna aliyenionya juu ya kuzidisha.

Wema huo ndio niliokwenda nao Kinango nilipoajiriwa ukarani wa josho. Wewe ulikuwa mdogo, ukisoma hapa kwa mama yako, na mimi nilikuwa nikija mwisho wa mwezi na asali. Hukupata kuliona josho lile. Lilikuwa handaki la saruji lililojaa maji yenye dawa ya kuua kupe. Ng'ombe huingia upande huu kwa kusukumwa, huogelea, hutokea upande wa pili akiwa amekasirika. Dawa ilikuwa sumu ya unga, na sumu ya namna hiyo haitaki mchezo: ikipungua, kupe hucheka, ikizidi, ng'ombe hufa. Bwana Mifugo, yule mkubwa wetu Mzungu, alinipa kopo la bati na sheria moja. Kopo moja ni ratili moja. Kila galoni arobaini za maji, kopo moja.

Ruwa alikuwa mchukua maji. Mduruma wa pale pale, amenizidi umri kwa miaka michache, mtu wa maneno machache na punda wanne. Mwaka ule lilikuja jua kali, josho likabaki tope tupu, ikabidi tulikombe na kulijaza upya kutoka bwawa la mbali. Kila punda alibeba madebe mawili. Kila safari moja ikiisha, Ruwa alipiga fundo moja katika kamba ya katani aliyoifunga kiunoni. Mwishoni kulikuwa na mafundo hamsini. Safari hamsini, madebe manane kila safari, ni madebe mia nne. Debe ni galoni nne. Galoni elfu moja na mia sita. Hesabu nyepesi hata kwa karani.

Nilipokuwa naandika, Ruwa alisimama nyuma yangu akanionyesha vidole vinne vilivyobanwa pamoja.

“Karani, madebe yangu hayajai. Nikijaza, punda humwaga njia nzima. Huyaacha pungufu kiasi hiki. Andika na hilo.”

Nikamjibu, “Kitabu hakina safu ya vidole.”

Nilidhani nimesema jambo la busara. Kitabu kilikuwa na safu mbili tu, galoni na ratili, na kila safu imechorwa mstari mwekundu mwishoni kutenga nukta na tarakimu mbili za sehemu za mia. Nafasi hizo zikibaki tupu ukurasa ulionekana mchafu. Basi nikaandika galoni 1,600.00. Nikachukua kopo langu, nikapima dawa mara arobaini, nikaandika ratili 40.00. Nikapiga sahihi. Nakumbuka niliutazama ukurasa ule kwa furaha.

Sasa tazama kilichotokea, na wewe utaliona upesi kuliko nilivyoliona mimi. Debe lina kimo cha shibiri moja na nusu hivi. Ukiliacha pungufu vidole vinne, umepoteza kama sehemu moja katika tano. Kwa hiyo maji yalikuwa galoni elfu moja na mia tatu, au karibu na hapo. Na mkono wangu, katika makopo yote arobaini, ulifanya kama Mama Mkubwa alivyoufundisha. Uliacha kilima. Maji yamepungua, dawa imezidi, na makosa mawili hayo hayakupingana, yalisaidiana. Husemwa haba na haba hujaza kibaba. Changu kilikuwa kimekwisha kujaa, na bado niliongeza.

Siku ya kuogesha, ng'ombe wa kwanza kuletwa walikuwa wa Mbodze, dada yake Ruwa, mjane. Ruwa ndiye aliyemshawishi, kwa maana watu wengi waliliogopa josho na walisubiri kuona. Ng'ombe tisa waliingia. Kufikia kesho yake alasiri walikuwa wamekufa sita. Ngozi zao zilibabuka mgongoni. Mbodze hakupiga kelele. Alikaa chini katikati yao, akawa anafukuza nzi kwa upande wa kanga.

Bwana Mifugo akatuma neno kwamba atakuja Jumamosi kuuliza. Ijumaa, baada ya sala, nilichukua kopo jingine lililo sawa na lile, jipya, lisilopata kuguswa na sumu, nikaenda nalo katika duka lenye mizani. Nikanunua unga wa mahindi. Nikapima kopo la mfuto, nikaandika. Nikapima kopo la tele, kwa mkono wangu ule ule, bila ya kujilazimisha, nikaandika. La tele lilizidi kwa robo nzima. Mwenye duka akaniuliza kama nimeanza biashara. Nikasema ndiyo. Nilirudia mara tatu, kwa kuwa nilikuwa nikitumaini mizani ni mbovu.

Kwa hiyo Jumamosi nilijua. Hili ndilo nitakalo ulielewe vizuri, usije ukanihurumia mahali pasipostahili. Kukosea kipimo ni ajali, na kila apimaye atakosea. Mimi nilikuwa na karatasi mfukoni yenye nambari za kweli, nikaenda mbele ya mkubwa na kitabu chenye nambari mbili za uongo.

Bwana Mifugo alitandika kitabu juu ya meza. Alimwita Ruwa kwanza.

“Wewe ulileta maji ngapi?”

Ruwa akafungua kamba kiunoni, akaiweka mezani. “Madebe mia nne, bwana. Lakini si ya kujaa. Yamepungua vidole vinne kila moja.”

“Vidole vya nani?”

Ruwa akamtolea vidole vyake. Askari mmoja akacheka. Bwana Mifugo akaitazama kamba, kisha akautazama ukurasa wangu kwa muda mrefu. Akaweka kidole juu ya zile sufuri.

“Huyu karani napima mpaka sehemu ya mia,” akasema. “Na huyu naleta kamba.” Akanigeukia. “Yeye alikuambia madebe haijai?”

Nikasema sikumbuki.

Akauliza, “Na dawa, wewe lipima kwa hii kopo? Sawasawa?”

Nikasema, “Ndiyo, bwana. Kwa kopo hili.” Hapo, ukipenda, sikusema uongo. Nililitumia kopo lile. Kuhusu kilima hakuniuliza, nami sikumsaidia kuuliza. Akaandika kwamba maji yalipungua kwa uvivu wa mchukua maji, akamfukuza Ruwa saa ile ile. Ruwa alichukua kamba yake akaondoka na punda wake. Hakunitazama. Na watu wote waliokuwapo walikwenda nyumbani wakijua kwamba Ruwa, kwa uvivu, aliwaua ng'ombe wa dada yake. Mimi mwaka uliofuata niliandikiwa barua ya kusifiwa kwa usafi wa vitabu. Mama yako aliitunza miaka yote, kwenye ule mkoba wa vyeti. Mpaka leo sikuwa nimemwambia kwa nini sitaki itundikwe ukutani.

Hupenda kusemwa njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekuwa miaka minane, tena na posho ya safari.

Nimejaribu kujitetea mbele ya nafsi yangu kwa njia nyingi, na nitakutajia moja, maana ni ya watu wa kazi yako. Nilijiambia kwamba hata bila ya kilima changu, maji pungufu peke yake yangelitia dosari. Ni kweli. Hesabu inasema dawa ingelizidi kwa robo. Kwa kilima changu ilizidi kwa zaidi ya nusu. Nilikaa miaka nikigawanya lawama kama mtu anayegawa urithi, sehemu hii ya vidole, sehemu hii ya kilima. Nilipata majibu mazuri yenye nukta. Lakini Ruwa alikuwa amelitangaza pungufu lake kabla chembe moja ya dawa haijaingia majini. Mwenye kulificha lake ni mmoja tu.

Tangu siku zile mkono wangu hautaki kilima. Umewahi kuniuliza kwa nini nafuta sukari ya kijiko kwa kisu kabla sijaitia katika chai, na shangazi yako amenitania mbele ya wageni kwamba uzee umenitia ubahili. Mwache aendelee. Na nikiona nambari ndefu gazetini, ya mvua au ya mavuno, huwa namtafuta mtu aliyesimama nyuma ya karani na vidole vyake vinne. Hayupo gazetini.

Huko uendako watakupa mizani za kioo na mirija yenye mistari midogo. Nasikia utafika mahali utakadiria hata nafasi iliyo katikati ya mistari miwili, na kwamba hilo ni halali mradi usivuke tarakimu moja. Mimi sina la kukufundisha katika hilo. Ila mkubwa wako akikuuliza jambo ulilolikisia, mwambie umelikisia. Atakunja uso. Uso hukunjuka.

Nilisema mpaka juzi. Uliamini nimekwenda Kwale kushughulikia karatasi zako za ruhusa ya kwenda Nairobi. Karatasi zilikuwa zimekwisha kutoka wiki iliyopita. Nilikwenda Kinango.

Nilimkuta Ruwa kwake, siku hizi anakaa peke yake mbali na watu wa kwao, anafuma vikapu vya punda. Amepoteza meno ya mbele. Nilimwamkia, “Shikamoo, kaka Ruwa,” naye akaitikia, “Marahaba, karani,” kama kwamba tuliachana jana. Akanipa kigoda. Nikamweleza yote kwa mfululizo: Mama Mkubwa, kilima, unga wa mahindi, ile karatasi mfukoni. Nilikuwa nimejitayarisha kwa hasira yake. Hata nilikuwa nimechagua maneno ya kumtuliza.

Aliendelea kufuma. Nilipomaliza akasema, “Kilima nilikiona.”

“Ulikiona lini?”

“Siku ile ile. Nilikuwa nawashusha punda madebe matupu. Nikakuambia, karani, kopo lako lina kichuguu.”

Bakari, sikumbuki. Nimejitahidi njiani, na usiku, na hata sasa kalamu ikiwa mkononi, sikumbuki hata kidogo. Jibu langu la safu ya vidole nalikumbuka neno kwa neno, kwa sababu lilinipendeza. Neno lake, ambalo lingeliokoa ng'ombe sita, halikupata hata pa kukaa kichwani mwangu. Hilo limeniuma kuliko yale niliyokwenda kuyaungama.

Nikamwambia, “Kama ulijua, mbona mbele ya Bwana Mifugo hukusema?”

Akaniangalia kwa mara ya kwanza. “Nilisema mara mbili kwako. Hukuandika. Kwa yule ningesema na nani, na kitabu ni chako?”

Nikamwomba radhi, nikaona aibu, maana neno lenyewe lilikuwa dogo. Akasema yeye alikwisha kuniachia zamani, kwa sababu kubeba kitu bila punda kunachosha. “Lakini Mbodze hajui,” akasema. “Miaka minane hajala kwangu. Mimi siwezi kumwambia, ataona najitetea. Kamwambie wewe uliyeandika.” Kisha akaniuliza kama nina watoto. Nikasema mmoja, na mtondo anakwenda Nairobi kujifunza kupima maji na dawa. Akafikiri, akarudi kwenye kikapu chake. “Basi naye mwambie aandike vidole,” akasema.

Kesho nikishakupandisha basi sitarudi nyumbani. Nitakwenda Kinango, kwa Mbodze, na nimemwomba Ruwa awepo na majirani wawepo. Mama yako nimemwambia leo, kabla ya kuanza barua hii. Akaenda kwenye mkoba wa vyeti akaichukua ile barua ya sifa, akaniuliza niipeleke au aitumie kuwashia moto. Nimeamua kwenda nayo. Kitabu chenyewe sijui kiko wapi, na hata kingekuwapo sina ruhusa ya kukigusa. Kwa hiyo nimeuandika upya ukurasa ule nyuma ya barua hiyo, kama ulivyopasa kuandikwa, ili nimsomee Mbodze kutoka humo. Hapa nakunakilia wewe, uwe nao katika daftari lako, mahali mwalimu alipokata kwa wino mwekundu:

Maji, madebe mia nne, kila debe pungufu vidole vinne vya Ruwa. Galoni elfu moja na mia tatu, kwa kukisia.

Dawa, makopo arobaini, kila kopo na kichuguu chake. Ratili hamsini, kwa kukisia.

Aliyepima maji alisema. Aliyepima dawa hakusikiliza, na alipojua alinyamaza. Ng'ombe sita. Hiyo nambari haikukisiwa.

Aliyeandika ni baba yako.